Jumanne na Alhamisi, Mlango wa Nyuma

Karatasi yenyewe ilikuwa ndogo, imekunjwa mara nne, na mwalimu wa udereva aliiweka mezani kwa ncha za vidole viwili kama mtu anayeshika panya mfu mkiani. Alisema ameikuta asubuhi hiyo kwenye mfuko wa aproni ya mkewe, iliyokuwa imetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Ilikuwa Alhamisi. Tangu Jumatatu, alipokuja kuripoti kwamba mkewe na binti yao wa miaka minne wametoweka, hakuna siku aliyokosa kufika kituoni.

Mpelelezi wa kike wa dawati la watu waliopotea aliisoma bila kuigusa. Wenzake walimwita Kimya, kwa ajili ya mtindo wake wa kuhoji: anauliza mara moja, halafu anamwachia mtu nafasi aijaze mwenyewe. Miaka sita kwenye dawati lile ilikuwa imempa sura isiyopanda wala kushuka. Aletewe habari ya mzee aliyepatikana akiwa hai stendi au ya mwili ulioopolewa mtoni, aliandika kwa mwandiko uleule, akapiga mstari kwa rula ileile.

Karatasi ilisema: Jumanne na Alhamisi. Mlango wa nyuma. Barua ya daktari. Cheti cha mtoto. Nakala mbili mbili.

"Ana mtu," mwalimu wa udereva alisema. "Siku mbili kwa wiki, mlango wa nyuma. Mimi si mjinga, afande. Nimevumilia mengi."

Alisema kwa sauti ya chini, ya taratibu, sauti ambayo nusu ya madereva wa mji ule walijifunzia kushika usukani. Hata mkuu wa kituo alifundishwa naye, na ndiyo maana Kimya alikuwa ameambiwa jalada hili lisilale. Mwanamume mwenyewe alikuwa nadhifu, shati limepigwa pasi, kucha zimekatwa. Alilia Jumatatu, akalia Jumanne. Jumatano alileta picha ya mtoto yenye fremu. Askari wa mapokezi alimwonea huruma hadi akamnunulia soda.

Kimya alinyamaza. Mwalimu akaijaza nafasi. Akaeleza tena kwamba mkewe ni mfanyakazi wa kitengo cha dobi hospitalini, mtu wa kusahausahau, anayeungua kila mara na pasi za kazini kwa sababu akili yake haitulii. Kwamba aliondoka Ijumaa asubuhi na mtoto, kama anayempeleka chekechea, na hakurudi. Kwamba alichelewa kuripoti hadi Jumatatu kwa kudhani wako kwa mama mkwe.

Jambo hilo la siku tatu Kimya alikuwa ameshaliandika pembeni. Vilevile alikuwa ameandika kwamba Jumatatu alimuuliza mwalimu anakoishi mama mkwe, na alipofika huko Jumanne alikuta mama wa watu amejifungia, anaongea kupitia dirisha, akisema mkwewe alishafika usiku. Jumanne akamuuliza kuhusu rafiki yeyote wa mkewe, akapewa jina la mwanamke anayeuza vifaa vya shule. Jumatano alipokwenda alikuta kibanda kimefungwa, na jirani akamwambia mume alishapita jana yake. Mume mwenye juhudi, Kimya aliandika. Mara zote amenitangulia.

Mwalimu alipoondoka, Kimya alibaki na ile karatasi. Hawara wa namna gani huyo anayemwambia mwanamke aje na nakala mbili mbili? Mapenzi hayaombi cheti cha kuzaliwa. Anayeomba barua ya daktari na cheti cha mtoto ana meza, ana mhuri, na ana watu wamepanga foleni mbele yake. Shule? Shule haifungui siku mbili kwa wiki. Ubalozi? Ubalozi hauna mlango wa nyuma, na ukiwa nao haumwelekezi mfua shuka. Maandishi yenyewe yalikuwa ya kalamu nene nyeusi ya wino usiofutika, ile ya kuandikia alama kwenye nguo. Aliandika akiwa kazini, basi, tena kwa haraka, kwa kuwa herufi zilikuwa zinapanda mlima.

Kitengo cha dobi hospitalini kilikuwa chini ya ardhi, chumba cha mvuke chenye mashine zinazonguruma kiasi kwamba watu walizoea kuongea kwa kupaza sauti hata wakiwa nje. Msimamizi wa zamu, mwanamke mfupi mwenye taulo shingoni, alimkaribisha kwa kumkabidhi upande mmoja wa shuka. Alisema hapa hatuongei mikono ikiwa bure, afande, hata daktari mkuu akija tunamkunjisha. Kimya akashika, wakakunja pamoja, akauliza kuhusu kuungua.

Msimamizi akacheka bila furaha. Akampeleka kwenye pasi yao, ambayo haikuwa pasi ya mkono bali mapipa mawili ya chuma yanayozunguka, shuka linaingia huku linatokea kule. Ukikosea inakung'ata vidole, akasema, akaonyesha vyake viwili vyenye kovu. Kisha akamgeuza Kimya mgongo na kumgusa nyuma ya bega, chini kidogo ya ukosi.

"Yule aliungua hapa," alisema. "Mara mbili. Niambie wewe uliyesoma, dada yangu, mtu anaipigaje pasi mgongo wake mwenyewe?"

Kimya aliliandika swali hilo. Akaomba aonyeshwe mahali wanapobadilishia nguo. Ndani ya mlango wa choo cha wanawake palikuwa na tangazo la karatasi ya njano, lenye namba ya simu ya bure iliyoandikwa mara kumi chini na kukatwakatwa ili mtu achane kipande. Vipande sita vilikuwa vimechanwa. Tangazo lilisema msaada wa sheria bila malipo kwa anayepigwa au kutishwa nyumbani. Ukutani, hatua tatu kutoka pale, palikuwa na simu ya kazini, na chini yake kalamu nene nyeusi imefungwa kamba.

Alichana kipande cha saba, akapiga kwa simu yake akiwa amesimama pale pale. Sauti ya mwanamke iliitikia, na kabla ya jina wala salamu iliuliza jambo moja.

"Uko mahali salama pa kuongelea?"

Kimya, ambaye kuuliza ndiyo kazi yake, alichukua muda kabla ya kusema ndiyo. Sauti haikumharakisha. Alipouliza ofisi ya msaada wa sheria iko wapi, aliambiwa pole pole, kama anayeandikishwa: ghorofa ya kwanza juu ya duka la miwani, mtaa wa nyuma ya posta, Jumanne na Alhamisi, apite mlango wa nyuma ili asionekane barabarani. Aje na barua ya daktari kama aliwahi kutibiwa, na cheti cha mtoto kama ana mtoto, nakala mbili mbili. Kama hana hata kimoja aje hivyo hivyo. Na kama leo hawezi kurudi nyumbani, aseme sasa hivi, kuna mahali pa kulala. Kimya alishukuru na kukata.

Mwongozo wa dawati la waliopotea ulikuwa na kanuni aliyoifuata hata usingizini: kila jambo jipya lithibitishwe na mleta taarifa. Akampigia mwalimu wa udereva. Akamuuliza kama cheti cha kuzaliwa cha mtoto bado kipo nyumbani. Mwalimu alisema subiri, akasikika akivuta droo, akasema hakipo. Kimya akamuuliza kama mkewe aliwahi kutaja duka la miwani nyuma ya posta. Mwalimu akasema hapana, mke wangu ana macho mazuri tu. Kimya akaandika kwenye daftari: saa 4:35, mleta taarifa ameulizwa cheti na duka la miwani, hajui.

Kisha akarudi kituoni kujaza kitabu cha safari, kwa sababu gari halitoki bila saini, na mwenye saini alikuwa ameenda kunywa chai.

Ilikuwa saa saba kasoro alipopanda ngazi za chuma nyuma ya duka la miwani. Juu palikuwa na mlango wa bluu usio na kibao. Ndani, nyuma ya meza ya mapokezi, aliketi mwalimu mstaafu mwenye miwani ya kamba, aliyekuwa anajitolea pale siku mbili kwa wiki. Kwenye mabenchi wanawake wanne walitazama sakafu. Hapakuwa na anayeongea. Kulikuwa na feni tu na mtu anayepiga chapa chumba cha pili.

Kimya alionyesha kitambulisho, akaonyesha picha ya mwanamke na mtoto. Mwalimu mstaafu aliitazama kama anayesahihisha mtihani.

"Hapa tunafundisha kompyuta, mwanangu."

"Hilo ndilo unalowaambia wote?"

"Nimemwambia hivyo mwenzako aliyetangulia. Akaomba maji ya kunywa, nikampa, akashukuru vizuri sana. Mtoto wa watu ana adabu, utadhani kalelewa msikitini na kanisani kwa zamu."

Kimya akauliza mwenzake yupi. Mwalimu mstaafu akasema mwanamume mwenye shati safi, sauti ya kubembeleza. Alikuja kwenye saa tano na kitu. Alisema ametumwa na polisi. Alisema afande mwenyewe kampigia simu na kumtajia duka la miwani, sasa amekuja kumchukua mkewe waende nyumbani.

Wakili alikuwa ametoka chumba cha pili na kusimama mlangoni, binti mdogo kwa umri, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Hakusalimia. Aliuliza swali moja: jalada la kupotea kwa huyu mwanamke limefunguliwa na nani.

"Mumewe," Kimya alisema.

Wakili hakuongeza neno. Safari hii ilikuwa zamu ya Kimya kuachiwa nafasi.

Alifungua daftari lake juu ya meza ya mapokezi. Jumatatu, mleta taarifa ameulizwa kwa mama mkwe. Jumanne, mama mkwe amejifungia. Jumanne, ameulizwa kuhusu rafiki. Jumatano, kibanda kimefungwa, mume alipita. Alhamisi, saa 4:35, duka la miwani. Mwandiko ulikuwa wake, ulionyooka, na mistari ya rula. Hakuna mahali alipokuwa ametoa siri hata moja. Alikuwa ameuliza tu, kama inavyotakiwa, na kila alipouliza mwanamume yule alijua pa kwenda. Kimya ndiye alikuwa anampekulia mji mzima kwa gari la serikali, na mume akisubiri simu tu.

Alilifunga daftari. Kama kuna kitu kilimpita usoni, hakikukaa.

"Yupo hapa?" aliuliza.

"Nikikwambia yupo utaandika wapi, na atasoma nani?" wakili alisema.

Kimya alisema jalada la mtu aliyepotea halifungwi kwa maneno. Ni lazima afisa amwone kwa macho yake na amuulize maswali yaliyochapwa kwenye fomu. Asipomwona, jalada linabaki wazi, na likibaki wazi, mleta taarifa ana haki ya kuuliza limefikia wapi kila siku ya Mungu. Alisema hayo bila kutisha wala kubembeleza. Wakili alimtazama muda mrefu, kisha akasogea kumpisha.

Kati ya makabati mawili ya majalada, kwenye chumba kisicho na dirisha, mwanamke wa kwenye picha aliketi juu ya boksi la karatasi. Mbele yake mtoto alikuwa amelala kifudifudi kwenye kanga iliyotandikwa sakafuni, anachora. Mwanamke alikuwa na rundo la fomu za zamani mapajani na alikuwa anazinyoosha mikunjo kwa kiganja, moja baada ya nyingine, anazipanga kingo kwa kingo. Alikuja asubuhi kutoka nyumba salama ili atie saini kiapo cha nyongeza. Alikuwa humu humu, mlango umerudishwa, wakati mumewe akinywa maji.

"Nilimsikia akisema ahsante," alisema. Sauti yake ilikuwa bapa, kama ya mtu anayesoma orodha ya shuka. "Mtoto alitaka kumwita. Nikampa penseli nyekundu."

Wakili alieleza yaliyobaki kwa haraka. Kuna amri ya ulinzi ya muda. Hakimu aliitoa Alhamisi iliyopita: mume asimkaribie mke wala mtoto, nyumbani, kazini wala chekechea. Lakini amri haiumi mpaka mume akabidhiwe nakala yake mkononi, na lazima iwe ndani ya siku saba. Tarishi wa mahakama ameenda mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa yuko barabarani na mwanafunzi. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu alimwona kabisa ndani ya gari, akamwita, gari likaondoka taratibu kwa mwendo wa mtihani. Siku ya saba ni leo. Masijala inafunga saa tisa. Ikipita, amri inakufa, maombi yanaanza upya, na foleni ya hakimu ni wiki tano. Katikati hapo, akimkuta popote na kumbeba mtoto, polisi wataambiwa ni baba na mwanawe, na polisi wataandika ugomvi wa kifamilia.

Kimya hakubisha. Alikuwa ameyaandika maneno hayo mara nyingi.

Aliuliza ilikuwaje kituo kisijue habari ya amri. Wakili akasema nakala hupelekwa dawati la jinsia baada ya mume kukabidhiwa, si kabla. Kwa hiyo wiki nzima mwanamke yule alikuwa kwenye vitabu viwili: kimoja kinamwita mwombaji, kingine kinamwita aliyepotea, na hakuna aliyewahi kuviweka juu ya meza moja.

"Na sasa hatuwezi kumtoa hapa," wakili alimalizia. "Chungulia, utaona."

Kimya alikwenda kwenye dirisha la mapokezi na kusogeza pazia kwa kidole. Upande wa pili wa uchochoro wa nyuma, kando ya duka la rangi, kulikuwa na gari dogo jeupe ambalo halikuwapo alipopanda, lenye kibao cha shule ya udereva juu ya paa. Mwalimu alikuwa ameketi humo peke yake, si kwenye usukani bali kiti cha pembeni, kile cha mwalimu, chenye breki yake ya pili. Mikono mapajani. Hakuwa anasoma gazeti wala kuchezea simu. Alikuwa anatazama ngazi za chuma. Ilikuwa saa saba na nusu.

Wanawake wa kwenye mabenchi walikuwa wameshaelewa bila kuambiwa. Mmoja alisogea mbali na dirisha. Mwingine, mwenye bandeji kwenye kifundo cha mkono, alinong'ona kwamba wa kwake huwa anakaa kwenye kona ya duka la dawa, basi leo kuna foleni ya waume. Mtu mmoja alicheka kwa pua. Mwalimu mstaafu akasema darasani hakuna kunong'ona, lakini naye alikuwa anatabasamu kidogo.

Wakili alitaka Kimya ashuke akamkamate. Kimya akauliza kwa kosa gani. Kuegesha? Alishauri basi tarishi aitwe hapa hapa. Wakili akatikisa kichwa: tarishi akija na bahasha yake, yule anamjua sura, ataondoka kwa mwendo wa mtihani kama juzi, kisha atarudi, na tena atakuwa na hakika kwamba mke yumo humu, maana tarishi wa mahakama hana cha kufuata kwenye duka la miwani.

Kimya aliutazama tena ukurasa wa daftari lake. Feni ilizunguka. Kisha akauliza, pale masijala ya mahakama, wanaopokea nyaraka wanasimama dirisha lipi.

"La tatu," wakili alisema. "La mwisho kabla ya ngazi. Kwa nini?"

"Mwambie tarishi asimame ndani ya hilo dirisha, asikae nje. Na awe na mashahidi wawili."

Wakili alipomaliza kupiga simu yake, Kimya alichukua yake na kurudi dirishani. Alimwona mwalimu akiitazama simu iliyolia, akiipokea mara moja.

"Mwalimu, samahani kukusumbua," Kimya alisema kwa sauti yake ya siku zote. "Nina swali dogo. Mkeo ana ndugu au jamaa anayefanya kazi masijala ya mahakama?"

"Mahakama? Hapana. Sidhani."

"Dirisha la tatu. Labda mwanamume."

Nafasi ikabaki wazi. Kutoka juu alimwona akiinamia mbele kwenye kiti.

"Hapana, afande," mwalimu alisema taratibu. "Simjui mtu wa hivyo. Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Ninauliza tu, kama kawaida. Wanafunga saa tisa, nitapita kesho."

Alikata. Akaandika kwenye daftari: saa 7:41, mleta taarifa ameulizwa masijala, dirisha la tatu, hajui. Chini uchochoroni mwanamume alishuka, akazunguka gari kwa hatua za kawaida, akaingia upande wa usukani. Akawasha taa ya ishara ingawa hapakuwa na gari nyuma yake. Akaondoka.

Hakuna aliyeshangilia. Wakili aliegemea kabati. Mwalimu mstaafu akaita namba inayofuata, kwa sababu watu walikuwa wanasubiri tangu asubuhi, na mwanamke mwenye bandeji akainuka.

Muda uliofuata ulikuwa wa kukaa tu. Mkuu wa kituo alipiga simu kuuliza mwalimu wake amesaidiwa vipi. Kimya alimjibu kwamba jalada litafungwa leo, na mkuu akafurahi, akasema ndiyo kazi hiyo. Wakili alizungumza na mwanamke kule kati ya makabati, akamweleza amri ikishakabidhiwa ina maana gani: ni karatasi, si ukuta, lakini ni karatasi ambayo akiivunja anakamatwa bila mjadala, na nakala itakuwa kituoni, hospitalini kwa mlinzi wa lango, na chekechea. Alimweleza kesi kamili itasikilizwa baada ya mwezi, ofisi itamsimamia bila malipo, mshauri anakuja Jumanne. Mwanamke aliitikia kila sentensi kwa kichwa huku akinyoosha fomu. Alipofika mwisho wa rundo alianza tena kutoka juu.

Saa nane na dakika hamsini na mbili simu ya wakili ililia. Alisikiliza, akauliza neno moja moja, akakata.

"Amekabidhiwa," alisema. "Amekataa kutia saini. Kasema yeye hakuja kuchukua kitu, alikuja kuuliza tu." Akairudisha simu mfukoni. "Karani na mfagizi wamesaini kama mashahidi. Inatosha. Imeingia kitabuni saa nane na arobaini na tano."

Mwanamke aliziweka fomu chini. Alikaa akitazama mikono yake kana kwamba imerudishwa kutoka kwa mtu aliyeiazima. Hakulia. Aliuliza kama anaweza kupata maji, na mwalimu mstaafu akamletea, kwa glasi nyingine.

Ndipo Kimya akavuta boksi na kuketi mbele yake, fomu juu ya goti. Ilikuwa na maswali manne. Akauliza la kwanza, kama ndiye mwenye jina lililoandikwa hapo. Mwanamke akasema ndiye. La pili, kama yuko hapa kwa hiari yake. Mwanamke akatazama mlango, ngazi, mtoto, akasema ndiyo. La tatu, kama anahitaji matibabu. Akasema bega linapona.

Swali la nne Kimya hakuwahi kumuuliza mtu yeyote kwa miaka sita. Huwa analijaza mwenyewe kabla ya kutoka kituoni, maneno mawili, mleta taarifa, na mstari wa rula chini yake. Hata leo alikuwa amelijaza. Akayakata yale maneno bila rula, mstari ukapinda.

"Nani ungependa aambiwe kwamba umepatikana?"

Mwanamke hakuelewa mara moja. Kimya akarudia, na safari hii akafafanua: fomu inaruhusu mtu mmoja, yeyote amtakaye. Mwanamke akafikiri. Wakili alingoja na kalamu nywelini. Ilionekana kwamba alikuwa anapita nyumba kwa nyumba, mama, rafiki, kazini, na kila mlango akiuacha kama ulivyo.

"Mwalimu wa chekechea," alisema mwishowe. "Mtoto hajaenda tangu Ijumaa. Kule mtoto akikosa wiki, nafasi anapewa mwingine. Mwambie asimpe mtu kiti chake. Mwambie Jumatatu anakuja."

Kimya akaandika. Akauliza kiti kipi, ili asikosee. Mwanamke alifungua mdomo, akakwama, akageuka.

Mtoto hakuinua kichwa kutoka kwenye mchoro wake.

"Cha dirishani," alisema. "Cha bluu. Kina mguu mmoja mbovu lakini mimi nakiweza."

Kimya akayaandika hayo pia, yote, ndani ya kisanduku ambacho kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya jina moja tu.